Umeizima, au Umeifunga?

Jina lililosomwa kwenye tangazo la msiba sikulitambua. Tangazo liliingia kwenye kundi letu la simu la watu wa ziwani tunaoishi Songea, nikiwa dukani kwangu na bisibisi mkononi. Nilisoma, nikasema pole zao moyoni, nikaendelea na kazi. Baadaye watu walipoanza kuandika rambirambi, mmoja akaandika, "Pumzika Mama Padri wetu," ndipo bisibisi ikaniponyoka. Miaka yote nilimjua kwa cheo hicho tu, kumbe alikuwa na jina kama sisi wengine, Agnesi, na sikuwahi kumsikia mtu akilitamka mbele yake. Nilifunga duka nikashuka Mbaha, kijijini kwetu ziwani. Pale msibani nilikaa na wanawake wenzangu mkekani, tukala ugali wa muhogo na dagaa, na nyuma yangu mpwa wa marehemu akawa anawaeleza wapishi kwamba ile laptopu ya zamani ya shangazi bado ipo kwenye sanduku la nguo, imefungwa kwenye kitenge, na hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. "Kuna nini humo?" mpishi mmoja akauliza. "Nani ajue," mpwa akajibu. Mimi nilikuwa najua. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, na mikono yenyewe nilikuwa nimeshainawa.

Mambo ya laptopu ile yalitokea Mbinga, mwaka niliomaliza kidato cha sita na matokeo yangu yakawa ya kusubiri: hayakuwa ya kufeli wala hayakuwa ya kunipeleka nilikotaka. Nilipanda kule kwenye baridi kufanya kazi katika steshenari ya Kaka Deo karibu na stendi, nikapanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akihifadhi kahawa yake ukutani kwangu, upande wa pili, kiasi kwamba nguo zangu zote zilinukia magunia. Nililala na soksi. Asubuhi mama mwenye nyumba aliniita ninywe uji wa mahindi jikoni kwake, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto, na huko nilisikiliza habari za ndoa za watu nisiowajua katika Kimatengo nilichokuwa naambulia nusu. Mimi ni mtu wa wasiwasi, tangu zamani. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama umefunga kweli. Mwaka ule wasiwasi ulikuwa umepata pa kukaa, maana sikujua kama nitasoma, nitaolewa au nitazeekea kwenye mashine ya kutoa kopi, na kila simu iliyoita nilidhani inaniletea jibu. Nikiwatazama sasa vijana wanaokuja dukani kwangu kuomba kazi, wakijifanya hawajali, huwa natamani kuwaambia kwamba wasiwasi wao naufahamu, lakini nawauliza tu kama wanajua kuchomea waya.

Duka la Kaka Deo lilikuwa chumba kimoja kilichojidai ni vitatu. Mbele palikuwa na kaunta ya madaftari na kalamu, katikati meza yake ya ufundi, nyuma pazia la maua lililoificha mashine ya kopi na mimi. Deo alikuwa Mmatengo wa asili, kijana mcheshi, mwenye mikono midogo iliyokuwa ikitembea juu ya mashine kama ya mtu anayepukuchua mahindi. Alikuwa amesoma seminari ndogo akaiacha, ila adabu ya seminari alitoka nayo. Sista akipita nje tu, Deo alisimama akatoa "Tumsifu Yesu Kristo" ya kusikika mtaa mzima. Mimi alinitania tangu siku ya kwanza. "Ninyi watu wa ziwani mnaongea kama mnamwita mtu aliye kwenye mtumbwi," alisema. Nami nilimjibu kuwa wao wa milimani wanaongea kama wanaficha bei ya kahawa. Tulielewana vizuri, au tuliamini hivyo. Kiswahili tulichokuwa tukizungumza sote wawili tulikikuta shuleni, kila mmoja akakivalisha mambo ya kwao, na mpaka mwaka ule sikuwahi kufikiri kwamba neno linaweza kutoka kinywani mwa mtu wa Mbaha likiwa na maana moja na kufika sikioni mwa mtu wa Mbinga likiwa na nyingine, na katikati pasiwe na yeyote wa kushtuka.

Siku aliyokuja Mama Padri nilikuwa nyuma ya pazia natoa kopi za mitihani ya shule moja, na mashine ile ilikuwa inanguruma kama ya kusaga. Niliyoyasikia niliyasikia vipande vipande. Mengine walinisimulia wenyewe baadaye, kila mmoja akiapa kwamba yeye aliongea Kiswahili safi. Deo alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba baba. Mimi ni Mama Padri, natoka Mbaha." Kiti kikaburuzwa. Soda ikafunguliwa. Nilishangaa kidogo, maana wateja wetu hawakuwa wakipewa soda. Ngoja nieleze. Kwetu ziwani Waanglikana ni wengi, na padri wa Kianglikana anaoa. Mama Padri ni mke wake, na hata mtoto wa chekechea anajua. Deo alikulia parokiani, kwa mapadri wasiooa, na kwake mama padri angeweza kuwa mtu mmoja tu duniani: mwanamke aliyemzaa padri. Mtu wa kuheshimiwa kuliko mbunge.

"Na padri wetu hajambo?" Deo akauliza.

"Padri amepumzika, baba," akajibu yule mama.

"Ni vizuri, mama. Kazi ya utume inachosha sana."

Hilo nililisikia kwa masikio yangu, na nikadhani ni aina ya pole ya Kimatengo. Mama Padri naye alidhani hivyo hivyo. Kisha Deo akauliza habari za laptopu iliyokuwa mapajani mwa yule mama, ina shida gani, na mwishowe, kama fundi yeyote anavyouliza kabla ya kupokea mashine, "Umeifunga vizuri?" Akajibiwa, "Nimeifunga vizuri kabisa, baba." Deo akaandika kikaratasi, akakibandika.

Nilipotoka nyuma ya pazia yule mama alinitazama mara moja akanisalimu kwa Kinyasa, lugha yetu ya ziwani. Sijui alinijuaje, labda ni namna ninavyosimama. Mchana ule Deo aliniruhusu nimsindikize akanywe chai kwenye mgahawa wa jirani, na pale, juu ya maandazi aliyokuwa akiyamega bila kuyala, akanieleza mambo yake. Mumewe alikuwa anarekodi nyimbo na habari za wazee wa pwani yetu, za Lituhi mpaka Chiwanda, kwa Kinyasa, kwa sauti yake, kabla hazijasahaulika. Alirekodi kwenye laptopu ile. Sasa mwaka ulikuwa unatimia tangu afariki, kulikuwa na ibada ya kumbukumbu Jumapili, na kanisa lilitaka isikike sauti yake. Lakini mashine ilikuwa nzito. Ukiiwasha inachukua muda wa kupika maharage, na sauti inakatakata, na mwalimu mmoja alikuwa amemwambia kwamba inahitaji kuongezewa memori.

"Na ile ya mwisho aliyokuwa akiirekodi siku ile," akaniambia, "hiyo sijawahi kuisikia mpaka mwisho. Nikibonyeza inakatakata, naogopa nitaiharibu, nasimamisha."

"Siku ile ipi, mama?"

"Siku aliyoondoka. Nilikuwa jikoni. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga kelele. Nikapakua, nikamwita aje ale. Hakuitika. Nikamwita tena, hakuitika. Nikasema, huyu na makompyuta yake, ana dharau. Nikafunika chakula, nikakaa na hasira zangu. Nilipokwenda kumwangalia alikuwa ameegemea kiti, ameshakwenda." Akakunja ukingo wa khanga yake kwa vidole. "Yaani mimi na yeye, neno la mwisho ni mimi kumwita na yeye kunyamaza. Mwaka mzima nalala na hilo. Mwanangu, mashine hiyo nakuachia wewe. Kijana wako ni mkarimu, lakini wewe ni wa kwetu."

Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, mama." Ni mimi niliyesema hivyo, mimi ninayesukuma mlango uliofungwa. Nilirudi dukani nikiwa nimebeba neno lake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani.

Deo aliigeuza ile laptopu, akafungua kifuniko cha chini, na mchanga ukamwagika mezani, mchanga mweupe wa ziwani. "Umetuletea ufuko mzima," akanitania. Akachomoa kijiti cha zamani cha memori, akakipuliza, mchanga ulioganda kwenye pembe ukagoma kutoka, akakitupa kwenye kopo la siagi alimoweka vijiti vyote vya zamani. Akachomeka viwili vipya, vikubwa, vya aina inayotakiwa. Wateja wetu walizoea memori ya simu, ile kadi ya nyimbo na picha, na wengi walidhani hii ni hiyo hiyo, kwa hiyo Deo alikuwa na maelezo yake ya siku zote: diski ni stoo, memori ni meza, meza ikiwa ndogo hata ukiwa na stoo kubwa utapika kwa shida. Akawasha. Nembo ikatokea, maneno yakapita kwa Kiingereza, vidoti vikaanza kuzunguka, kisha vikasimama. Vikasimama kabisa. Deo akangoja, akabonyeza kitufe mpaka ikazima, akawasha tena. Ukatokea ukurasa mweusi wenye mistari miwili. Yeye, kama kawaida yake, hakuusoma, akagonga kitufe cha kukubali kwa kidole cha kati, na vidoti vikazunguka vikasimama pale pale.

"Imestaki," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. "Itakuwa haijakaa vizuri."

Siku zilizofuata sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka tu kwamba mama mwenye nyumba alinisogezea maharage akaniuliza kama nina mimba. Asubuhi nilipofika dukani jicho langu lilikwenda kwanza kwenye ile meza, na ile mashine ilikuwa palepale, kifuniko kimevuliwa, imeganda kwenye nembo. Deo alifanya yote ambayo fundi mzuri anafanya, na nasema hivi sasa nikiwa fundi mwenyewe. Alisugua miguu ya memori kwa kifutio cha penseli. Alivibadilisha nafasi, cha juu chini, cha chini juu. Alichomeka kimoja tu, akakichomoa, akachomeka cha pili peke yake. Aliviweka vile vijiti vipya kwenye laptopu yake mwenyewe, na huko vikafanya kazi bila kinyongo. Akavirudisha kwa Mama Padri, vidoti vikazunguka, vikasimama. Wateja waliokuja kununua kalamu walianza kutoa ushauri. Mmoja alisema iwekwe juani. Mwingine alisema inataka kupigwa kofi upande. Nami kila vidoti vilipoanza kuzunguka nilishika ukingo wa kaunta nikawa naomba kimoyomoyo, na vilipoganda nilihisi baridi ya Mbinga imenipanda mpaka kwenye meno. Nilimwona Mama Padri amekaa mbele kanisani, amevaa vizuri, spika zimewashwa, watu wamenyamaza, na hakuna kinachosikika.

Hatimaye Deo akasukuma kiti nyuma, akajinyoosha. "Memori ni nzima, mashine ni nzima. Ugonjwa ni windo, ile programu inayoiendesha. Lete ile sidii, tuipige windo mpya, tumalize."

"Kuipiga windo si itafuta vitu vyake?"

"Itafuta, ndiyo."

"Kaka Deo, kuna sauti za padri humo!"

"Najua. Zipo na kwake pia. Atamwomba mwanae amtumie nyingine."

"Mwanae gani?"

"Si huyo padri! Yuko mapumzikoni, ana nafasi. Hata yeye mwenyewe anaweza kuja akarekodi upya hapa hapa, nitamtafutia maikrofoni."

Nilimtazama. Nilidhani ananitania, na kwamba ni utani mbaya sana. Kisha nikaona uso wake, uso wa mtu mwenye moyo mweupe kabisa, ameshaanza kutafuta ile sidii kwenye droo.

"Kaka Deo, padri amekufa."

Akageuka. "Amekufa lini? Juzi alikuwa amepumzika."

"Huko ndiko kupumzika kwenyewe! Alifariki mwaka jana. Jumapili ni kumbukumbu yake."

"Sasa kwa nini mama yake hakuniambia kwamba amefariki?"

"Amekuambia! Halafu yule si mama yake, ni mke wake."

"Mke?" Deo alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja mboga asiyoijua.

"Ni Waanglikana, Kaka Deo. Mapadri wetu wanaoa. Mama Padri ni mke wa padri."

Alikaa. Akafanya ishara ya msalaba. Aliiweka ile droo mahali pake kwa kuisukuma polepole sana, kama vile ndani yake kulikuwa na mtu amelala. "Nimemwambia kazi ya utume inachosha," akasema. "Mama wa watu amefiwa, namwambia ni vizuri." Hakunitania tena siku ile. Aliamua tungeichomoa diski na kunakili kila kilichomo kabla ya kugusa kitu kingine, na kwa kuwa kifaa cha kuisomea alikuwa amemwazima rafiki yake wa Songea, akapiga simu aletewe kwa basi. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Mimi kungoja sijui. Nilitoa kopi ambazo hazikuagizwa na mtu.

Kabla basi la Songea halijafika, akafika yeye. Mama Padri aliingia na kikapu cha dagaa wakavu waliokaushwa vizuri, akakiweka juu ya kaunta, "zawadi yenu wanangu," na harufu ya kwetu ikajaa duka zima. Akatazama meza. Akaiona mashine yake imevuliwa kifuniko. "Iko tayari?" akauliza, na tabasamu alilokuja nalo likawa linasubiri jibu.

Nilimwangalia Deo, Deo akaniangalia. Kisha akasimama, nadhani kama walivyofundishwa seminarini kusimama, akamwomba radhi kwanza kwa maneno ya siku ile, "sikuelewa, mama, pole sana kwa msiba," halafu akamweleza bila kuficha kwamba tangu abadilishe memori mashine haiwaki mpaka mwisho. Mama Padri hakulia wala hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kwangu kama angefanya hivyo. Alisema tu, "Mimi niliwaletea ikiwa inaamka. Ilikuwa inaamka polepole, lakini inaamka."

Deo aliinua kichwa. "Inaamka?"

"Inaamka, ndiyo."

"Mama, ulikuwa unaizima wakati gani?"

"Kuizima? Nani aizime?" Alishangaa kweli. "Aliiacha hivyo, na mimi nimeiacha hivyo. Naifunika tu. Sola ikiisha nguvu inazimika yenyewe. Nikiichomeka inaamka pale pale alipoachia, na yale mawimbi yake ya sauti kwenye kioo. Tangu siku ile hakuna aliyeizima."

"Lakini mama, nilikuuliza kama umeifunga vizuri, ukasema umeifunga."

"Si niliifunga? Kitenge chenyewe si hicho hapo, mara mbili nimekizungusha!"

Na kweli kitenge kilikuwa pale, kimekunjwa chini ya meza. Deo alikitazama kitenge, akaitazama mashine, na nikaona jambo likimwingia: yeye aliuliza habari ya kuzima, mama akajibu habari ya kitenge. Akaanza kueleza haraka haraka, kwetu sote na kwake mwenyewe. Laptopu ikiishiwa chaji kabla ya kuzimwa inalala: vyote vilivyokuwa mezani inavibeba stoo kwa mpangilio wake, sahani hapa, kisu pale, na ikiamka inavirudisha kwenye meza ile ile. Mashine ya padri ilikuwa haijaanza upya mwaka mzima. Ilikuwa imelala na kuamka, imelala na kuamka. Sisi tumeiondolea meza ikiwa usingizini tukaiwekea nyingine, na kila tukiiamsha inajaribu kupanga vyombo vya zamani, inapotea, inaganda. Mimi nilikumbuka yale maneno ya Kiingereza chini ya nembo, niliyokuwa nikiyaona siku zote hizo: yalikuwa yakisema mashine inaendelea ilipoishia, wala hayakusema inaanza. Nikakumbuka na ule ukurasa mweusi. "Kaka Deo, ile mistari miwili unayoigonga, inasemaje?" Akawasha, na kwa mara ya kwanza tukaisoma. Wa kwanza ulisema jaribu tena kuendelea. Wa pili ulisema futa kilichohifadhiwa, anza upya. Deo alikuwa ameugonga ule wa kwanza siku zote kwa sababu tu ndio uliokuwa umeshachaguliwa; wa pili ungevifuta vyote vilivyokuwa mezani. Aliondoa mkono wake kwenye vitufe kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Kijiti cha zamani kiko wapi?" nikauliza, na nilijua kabla hajajibu.

Tulimwaga kopo la siagi juu ya kaunta, karibu na dagaa. Vijiti vya kijani, vyote ndugu, vyote umri mmoja. Deo akaanza kusoma maandishi madogo, wanafunzi waliokuja kununua madaftari wakawa wanachungulia. Sikusoma chochote. Nilivipitisha kimoja kimoja kwenye kidole gumba mpaka nilipohisi chembe zinakwaruza kwenye pembe, mchanga wetu, uliogoma kupulizwa. "Hiki," nikasema. Deo akakichomeka pale kilipotoka. Akawasha, akangoja ule ukurasa, akausoma tena kwa sauti kama anasoma somo kanisani, akachagua mstari wa kwanza. Vidoti vikazunguka. Mama Padri alikuwa amekishika kitenge chake kifuani. Vidoti vikazunguka. Nje mtu alikuwa anabishana kuhusu gunia, na nilitaka kutoka nimwambie anyamaze, kana kwamba mashine ingeshtuka. Kisha kioo kikawa cheusi, na kutoka kwenye weusi ule yakatokea mawimbi ya sauti, mstari wa kijani unaopanda na kushuka, umesimamishwa katikati ya ukurasa.

"Hayo," akasema Mama Padri.

"Haijahifadhiwa," Deo akanong'ona. Padri hakuwa amewahi kuihifadhi. Alisimamisha tu, akiwa na nia ya kurudi. Mwaka mzima sauti ile ilikuwa juu ya meza. Deo akanisukumia mashine. "Eda, bonyeza wewe. Mikono yangu leo siiamini." Nikaihifadhi. Nikainakili kwenye flashi pamoja na zile nyingine zote, nikainakili kwenye laptopu ya Deo, nikaitazama kila moja kama ipo, nikaitazama tena. Halafu Deo akaeleza kilichobaki: sasa inabidi izimwe kweli, ianze upya na ile memori mpya, ndipo itaacha kukatakata. Mama Padri akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Mkiizima, ikiwaka haya mawimbi yatakuwepo?"

"Yatakuwepo kwenye faili, mama. Ila hayatakuwa yamefunguka hivi. Tutayafungua wenyewe."

"Kwa hiyo pale alipoachia hapatakuwepo."

Niliuacha mkono wangu pale pale chini ya kiganja chake. Mama Padri alikitazama kile kioo kwa muda mrefu, uso karibu, kama anavyotazama mtu dirishani mwa basi linalotaka kuondoka. Kisha akaondoa kiganja chake. "Zima," akasema.

Nikaizima. Deo akachomeka vijiti vipya, akafunga kifuniko, na safari hii ilipowashwa maneno yalisema inaanza, ikawaka upesi kiasi cha kututia aibu. Nikafungua ile faili, nikaongeza sauti. Padri alikuwa anazungumza Kinyasa, taratibu, sauti ya mtu mzima aliyezoea mimbari, anaeleza wimbo uliokuwa ukiimbwa na kina mama wakipara samaki. Haikukatika hata mara moja. Nyuma yake ziwa lilikuwa linapiga. Alifika katikati ya maelezo, na kwa mbali sana, chini ya mawimbi, mwanamke akaita: baba, chakula. Padri akanyamaza. Kiti kikalia. Na karibu kabisa na sisi, kwa sauti ya chini ya mtu anayejibu akijua mwenzake yuko chumba cha pili tu, akasema, "Naam, mama. Nakuja." Kikasikika kitufe, na mstari ukaisha.

Deo, ambaye Kinyasa hakijui, alitutazama usoni akaelewa, akaenda kusimama mlangoni na mgongo wake kwetu.

"Kumbe aliitika," akasema Mama Padri.

Hakuomba irudiwe. Alikaa kidogo, akajifuta kwa ukingo wa khanga, akakitandaza kitenge juu ya kaunta, akaiweka laptopu katikati, akaanza kuifunga, mara moja, mara ya pili, akikaza fundo kwa meno. Alipomaliza akanisogelea.

"Zile nyingine wapigieni watu kanisani Jumapili, zote," akaniambia. "Hiyo ya mwisho msiipige. Hapo aliniitika mimi."